Msomaji Anayeanzia Katikati

Nina ugomvi na neno moja ambalo nalisikia kila ninapokaa na vijana wanaoandika programu za kompyuta. Neno lenyewe ni "inatosha." Ukimwonyesha kijana kwamba njia anayoitumia kutenganisha maelezo na amri katika programu yake ina kasoro, atakujibu bila hata kuinua macho, "Mzee, inatosha." Ukimwuliza inatosha kwa nani, atacheka. Nimekwisha kuchoka na kicheko hicho, na ndiyo maana naandika kurasa hizi. Nataka nimweleze msomaji kwa nini haitoshi, na kwa nini jambo hili, ambalo kwa juu laonekana dogo kama chembe ya mtama, lina uhusiano mkubwa na namna tunavyowafundisha watoto wetu kusoma.

Sina cheti cha fani hii, na sijidai kuwa nacho. Nilisomea ualimu katika chuo cha ualimu, nikafundisha, nikawa mkuu wa shule, nikastaafu. Sasa nimeuvuka mwaka wa sabini. Kompyuta nimejifunza uzeeni, kwa kuketi kando ya vijana na kuuliza maswali mpaka wakachoka nami. Lakini jambo ninalolizungumzia si la cheti. Ni jambo la kusoma, na kusoma ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Kwanza tuelewane maana ya maneno. Programu ya kompyuta ni maandishi ya aina mbili yaliyofumwa pamoja kama ukili. Aina ya kwanza ni amri ambazo mashine huzitii. Aina ya pili ni maelezo ambayo mwandishi humwachia binadamu mwenzake: kwa nini hesabu hii imeanzia sifuri wala si moja, kwa nini mstari huu usiguswe, ni nani aliyeomba badiliko hili na kwa sababu gani. Maelezo hayo vijana huyaita komenti; mimi nitayaita tanbihi, kwa kuwa neno hilo tunalo tangu zamani na kazi yake ni hiyo hiyo. Mashine huziruka tanbihi zote. Zimeandikwa kwa ajili ya mtu atakayekuja kesho. Donald Knuth, mtaalamu mkubwa wa Marekani, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1984 alitoa makala akitaka programu nzima iandikwe kama insha ya kumweleza binadamu tunachotaka mashine ifanye. Wengi hawakumfuata mpaka huko, lakini hapana mwandishi wa programu mwenye akili timamu ambaye husema tanbihi ni takataka.

Je, mashine hujuaje kwamba hapa pana tanbihi na pale pana amri? Kwa alama. Zamani mambo yalikuwa mepesi. Katika lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, programu ilitobolewa kwenye kadi, mstari mmoja kadi moja. Kadi yenye herufi C katika safu ya kwanza ilikuwa tanbihi, kadi nzima. Hapakuwa na ubishi: ukitazama safu ya kwanza, umemaliza. Kisha ikaja lugha ya C, aliyoiunda Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Humo tanbihi hufunguliwa kwa mkwaju na kinyota, /*, na kufungwa kwa kinyota na mkwaju, */, mahali popote pa mstari. Alama nyingine, mikwaju miwili //, ilitumika katika lugha ya BCPL ya Martin Richards wa Cambridge mnamo mwaka 1967. Baadaye ilirudishwa na C++, na ikakubaliwa rasmi katika C mwaka 1999. Uhuru huu wa kuweka tanbihi popote ulileta raha, lakini ulileta na mtihani. Alama sasa haina tena safu yake maalumu. Mtu akiikuta, lazima ajiulize: wewe hapa unafanya kazi gani?

Sasa tuje kwenye chombo ambacho vijana hukitumia kujibu swali hilo. Karibu kila kihariri, yaani programu ya kuandikia na kusahihishia maandishi, kina namna ya kutafuta. Unaweza kutafuta neno, na unaweza kutafuta umbo la neno. Umbo hilo, likiandikwa kwa ufupi kwa ishara maalumu, nitaliita ruwaza; vijana husema rejeksi. Ukitaka kila neno linaloanza na "ki" na kumalizika na "o", ruwaza moja fupi itakuletea kiatu? La, kiatu haimo. Itakuletea kisigino, kipimo, kiwango na wenzao wote.

Chombo hiki kina asili ya heshima. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts waliandika juu ya namna mishipa ya fahamu inavyoweza kuelezwa kwa mantiki. Mwanahisabati Stephen Kleene aliichukua kazi yao, na katika taarifa ya mwaka 1951, iliyochapishwa kitabuni mwaka 1956, akaweka misingi ya ruwaza hizi. Mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha njia ya kuzitumia kutafuta ndani ya maandishi, akazitia katika kihariri. Kutoka kihariri chake kingine, kiitwacho ed, ndiko lilikotoka jina la programu mashuhuri ya kutafutia, grep. Kwa hiyo asije mtu akadhani napigana na ruwaza. Nazipenda. Nimezitumia kusahihisha tahajia katika maandishi yangu, na zimeniokolea siku nyingi za kazi. Shoka ni chombo kizuri pia, lakini hatunyoi nalo ndevu.

Kijana anapotaka kupata tanbihi zote katika faili, ama azipake rangi, ama azihesabu, ama azifute, huandika ruwaza ya maneno machache: tafuta mikwaju miwili, na chochote kinachofuata mpaka mwisho wa mstari. Kwa ishara zao ni herufi nne tu: //.* basi. Anaijaribu mara moja, inampa tanbihi tatu ambazo anaziona kwa macho, anafurahi. Inatosha.

Haitoshi hata kidogo. Chukua anwani yoyote ya mtandao. Huanza na http, nukta mbili, kisha mikwaju miwili. Anwani hiyo ikiwa ndani ya alama za kunukuu katika programu, ni maneno tu ambayo mashine itayatumia, kama barua iliyomo ndani ya bahasha. Si tanbihi. Lakini ruwaza ya kijana wetu haijui bahasha. Imeambiwa itafute mikwaju miwili, na mikwaju miwili ndiyo hiyo. Itakata anwani katikati na kuita nusu yake tanbihi.

Kijana mwerevu kidogo atasema, "Basi nitaanza kwa kuyatafuta yaliyo ndani ya alama za kunukuu, niyaweke kando, ndipo nitafute tanbihi." Vema. Ila huyo hajamfikiria ng'ombe. Katika lugha nyingi za programu, kama Python na JavaScript, alama moja ile ile tunayoiita ritifaa hutumika kufungulia na kufungia maneno yaliyonukuliwa. Sasa mwandishi Mswahili ameweka tanbihi: hapa tunahesabu ng'ombe. Ritifaa ya ng'ombe imo ndani ya tanbihi, haina kazi yoyote kwa mashine. Lakini anayetafuta nukuu kwanza ataiona, ataiita mlango wa nukuu, na atakwenda mbio kutafuta mlango wa kutokea. Atavuka mistari mingi ya amri, mpaka akutane na ritifaa nyingine, pengine ya ng'ombe wa pili. Kila kilicho katikati ya ng'ombe hao wawili kimegeuzwa nukuu. Nimeona kwa macho yangu ukurasa mzima wa kihariri umebadilika rangi kwa sababu ya neno "ng'ambo" lililoandikwa kwa tahajia sahihi. Na kijana mwenye programu, badala ya kuilaumu ruwaza, aliiondoa ritifaa akaandika "ngambo." Yaani Kiswahili kiliharibiwa ili kumridhisha msomaji asiyejua kusoma!

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo hili, nami naomba msomaji atulie kidogo. Ukitafuta tanbihi kwanza, nukuu zitakudanganya. Ukitafuta nukuu kwanza, tanbihi zitakudanganya. Hakuna kati yao aliye wa kwanza, isipokuwa yule ambaye kwa kweli ametangulia katika maandishi. Na huwezi kujua nani ametangulia bila kuanza kusoma kutoka mwanzo.

Tazama kile kinyota. Katika hesabu za kompyuta, kinyota ni alama ya kuzidisha. Katika ruwaza, kwa heshima ya mwanahisabati yule, huitwa nyota ya Kleene, na maana yake ni rudia mara yoyote, hata sifuri. Katika kutaja majina ya mafaili, kinyota maana yake ni jina lolote. Katika lugha ya C, kikishikana na mkwaju, ni mlango wa tanbihi. Alama moja, kazi nne. Yule asemaye kwamba akiona kinyota na mkwaju ameona tanbihi, ni sawa na mgeni asemaye kwamba akisikia "paa" amesikia habari za nyumba, kumbe mwindaji anazungumza habari za mnyama.

Madhara ya haya si ya kubuni. Shule moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa na programu ndogo ya kukusanya alama za wanafunzi na kuchapa ripoti za mwisho wa muhula. Iliandikwa kwa JavaScript na mwalimu mmoja mwangalifu aliyehamishwa, na ilikuwa na tanbihi nyingi nzuri. Fundi aliyeirithi aliona tanbihi zinajaza nafasi, akataka programu iwe "safi." Akaandika ruwaza ya kufuta kila kitu kilicho kati ya mkwaju-kinyota na kinyota-mkwaju, akabonyeza, zikafutika. Programu ikaendelea kufanya kazi bila kulalamika. Fundi akasifiwa.

Lakini ndani ya programu ile palikuwa na mstari ulioeleza mafaili ya alama yanapatikana wapi. Uliandikwa hivi, ndani ya alama za kunukuu: "matokeo/**/*.txt". Maana yake, ingia katika folda la matokeo, na katika mafolda yote yaliyomo humo kwa kina chochote, uchukue kila faili la maandishi. Msomaji aangalie katikati: mkwaju, vinyota viwili, mkwaju. Kwa macho ya ruwaza ile, hiyo ni tanbihi kamili iliyofunguliwa na kufungwa, ila tu haina neno ndani. Ikafutwa. Kilichobaki ni "matokeo*.txt", ambacho maana yake ni tofauti kabisa: chukua, hapa nje, kila faili la maandishi ambalo jina lake linaanza na neno matokeo. Na kwa bahati mbaya faili la namna hiyo lilikuwapo pale nje, lenye alama za muhula uliopita.

Basi ripoti zikachapwa, zimepangika vizuri, zina muhuri na sahihi, na zimebeba alama za muhula uliopita. Aliyegundua hakuwa fundi wala mwalimu. Alikuwa binti mmoja aliyekuta sifuri katika Hisabati, mtihani alioukosa muhula uliotangulia kwa sababu ya ugonjwa. Kabla hajasikilizwa, baba yake alikuwa amekwisha kumkemea mbele ya wadogo zake. Ilichukua siku mbili kuipata kasoro, kwa kuwa tanbihi iliyoeleza mafaili hukusanywaje ilikuwa imefutwa pamoja na nyingine zote. Fundi alipoonyeshwa mstari ule alisema maneno ambayo sijayasahau: "Lakini ilifanya kazi." Ndiyo, ilifanya kazi. Hata saa iliyosimama hutaja saa, na mara mbili kwa siku husema kweli.

Najua hoja watakazoniletea, nami nitazijibu moja moja.

Watasema kwamba ruwaza fupi hufaulu mara nyingi, na kwamba dunia haina muda wa kutafuta ukamilifu. Nami nasema, kosa la aina hii halitokei ovyo ovyo kama mvua ya vuli. Hutokea pale pale ambapo alama ina kazi zaidi ya moja, yaani pale ambapo msomaji alitakiwa awe macho zaidi. Chombo kinachofaulu katika yaliyo mepesi na kuanguka katika yaliyo magumu, bila kukuambia ni wapi kimeanguka, hakijakuokolea muda. Kimekukopesha, na riba yake utailipa siku usiyoijua.

Watasema, "Mzee, hii ni rangi tu katika kihariri." Hapa nakubali nusu. Kihariri mashuhuri cha Vim, alichokitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991 na kukihudumia mpaka alipofariki mwaka 2023, kilianza kupaka maandishi rangi katika toleo la tano, mwaka 1998. Katika faili refu Vim hakisomi kila mara kutoka mwanzo. Hurudi nyuma kiasi fulani tu kutoka sehemu unayoiona, kikakisia, kwa ajili ya kasi. Ndiyo maana mara nyingine ukiruka hadi katikati ya faili, rangi huja kombo. Lakini chombo hicho ni kiungwana: kitabu chake cha maelezo kinakiri jambo hilo, kina amri ya kuchora skrini upya, na kina amri nyingine ya kukilazimisha kisome kutoka mwanzo, ukikubali kungoja. Huo ni ukweli, na ukweli naustahi. Tena rangi ikikosea, jicho la mtu lipo litasahihisha. Hata hivyo, anayeanza kujifunza huiamini rangi kuliko mwalimu. Akiona amri yake imepakwa rangi ya tanbihi, atadhani ameikosea, ataibomoa iliyokuwa sahihi. Na mwenye mazoea ya kukisia katika rangi, kesho atakisia katika kufuta. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Watasema, na hawa ndio wasomi wao, kwamba kosa si lao, maana nadharia yenyewe imethibitisha kwamba ruwaza haziwezi kazi hii. Watamtaja Noam Chomsky, ambaye mwaka 1956 alionyesha kwamba ziko ngazi mbalimbali za sarufi, na kwamba sarufi ya ngazi ya chini haiwezi kufuatilia mabano yaliyomo ndani ya mabano yaliyomo ndani ya mabano. Ni kweli tupu. Na ziko lugha, kama Haskell, Rust na Swift, ambazo huruhusu tanbihi ndani ya tanbihi. Kwa lugha hizo ruwaza halisi haifui dafu. Lakini katika lugha ya C tanbihi haiingii ndani ya nyingine: alama ya kwanza ya kufunga hufunga, basi. Tanbihi ya namna hiyo yaweza kuelezwa kwa ruwaza sahihi kabisa. Basi nadharia haiwaondolei lawama. Chombo kinaweza. Aliyeshindwa ni mwenye kukishika.

Namna iliyo sahihi yenyewe si siri, wala haihitaji akili ya pekee. Unaanza mwanzo wa faili. Unatafuta kwa pamoja kitu kimoja kati ya viwili: nukuu au tanbihi, kitakachotangulia. Ikitangulia nukuu, unaivuka yote mpaka mwisho wake, ukikumbuka kwamba alama ya kunukuu iliyotanguliwa na mkwaju uliolala nyuma haifungi. Ndani yake hutafuti kitu kingine. Ikitangulia tanbihi, unaivuka yote mpaka mwisho wake, na ng'ombe waliomo humo hawakuhusu. Kisha unaendelea. Hivyo tu. Ruwaza ya kazi hiyo ni ndefu kidogo kuliko herufi nne, nayo humtaka mwandishi aijue lugha anayoisoma. Kwa mfano, katika C mkwaju uliolala nyuma ukiwa mwisho wa mstari wa tanbihi, tanbihi huendelea mstari wa pili. Katika JavaScript mkwaju mmoja waweza kuwa wa kugawanya, au wa kufungua ruwaza yenyewe, na huwezi kujua ni upi bila kujua ulitanguliwa na nini. Lugha hujulikana kwa kujifunzwa. Haijulikani kwa kunusa.

Sisi wenye Kiswahili tungepaswa kulielewa hili kuliko watu wote. Mwalimu mvivu humfundisha mtoto kwamba neno likianza na "ki" liko pamoja na kitabu na kiti. Mtoto anaifuata ruwaza hiyo, anaandika "kiongozi hiki kizuri kimefika," na darasa linacheka. Kiongozi, kijana, kipofu, kifaru na kiboko, wote wamevaa "ki" mbele, na wote husema amefika. Umbo la neno ni dalili. Hukumu iko katika sentensi, katika namna neno linavyotendwa na wenzake. Mtoto akijua hivyo, ameanza kusoma. Asipojua, amejifunza kutambua mavazi.

Hapa ndipo mahali panaponiuma, na ndiyo sababu ya ukali wangu. Miaka yangu yote ya ualimu nimepigana na mtahini anayesahihisha kwa kutafuta neno. Amepewa mwongozo unaosema jibu liwe na neno "mmomonyoko". Basi macho yake yanateleza juu ya karatasi kama ndege juu ya maji, yakitafuta neno hilo. Mwanafunzi aliyeandika "mmomonyoko hauhusiki hapa kamwe" anapewa alama. Aliyeeleza kwa maneno yake mwenyewe jinsi mvua inavyochukua udongo wa shamba la baba yake, bila kulitaja neno lile, anakosa. Mtahini huyo ni ruwaza yenye miguu. Naye ukimwuliza, atakujibu yale yale: karatasi ni nyingi, muda ni mchache, inatosha. Na wanafunzi si wajinga. Wakijua kwamba anatafuta neno, watampa neno, wala hawatajifunza kitu.

Sasa vijana wetu wanaandika programu zitakazosoma mishahara, vipimo vya hospitali, hati za mashamba na matokeo ya mitihani. Tabia waliyojifunza katika kufuta tanbihi wataipeleka huko. Atakayezoea kukata maandishi kwa kutazama alama moja, bila kuuliza imetoka wapi na imo ndani ya nini, atakata hivyo hivyo jina la mtu. Itakuwa ile ile habari ya ng'ambo iliyogeuzwa ngambo, ila safari hii aliyeumizwa atakuwa na watoto na ada za kulipa.

Wala hawana tena udhuru wa ukosefu wa zana. Lugha ya Python ina, katika maktaba yake yenyewe, kisomaji kiitwacho tokenize kinachotenganisha tanbihi na nukuu kama lugha yenyewe inavyozitenganisha. Kihariri cha Visual Studio Code hutumia ruwaza kupaka rangi, lakini huzitumia kwa adabu: ikifunguka nukuu, sheria za nukuu ndizo zinazotawala mpaka ifungwe. Max Brunsfeld alitoa Tree-sitter mwaka 2018, chombo ambacho huisoma programu nzima kwa sarufi yake na kurekebisha usomaji huo kila unapobonyeza herufi. Hutumiwa leo na vihariri kadhaa. Kazi ngumu imekwisha kufanywa na wengine, nayo hutolewa bure. Kilichobaki kwa kijana ni kukubali kwamba kusoma ni kazi.

Kwa hiyo nayasema haya kwa wale wanaofundisha vijana, maana wanafunzi humwiga mwalimu. Msimpe mwanafunzi ruwaza bila kumpa pia maandishi yatakayoiangusha. Mpeni anwani ya mtandao, mpeni folda lenye vinyota, mpeni ng'ombe wawili, ndipo mwulize kama bado inatosha. Mwanafunzi akileta chombo cha kutafuta, mwulizeni kwanza chombo hicho kinaanza kusoma kutoka wapi. Na mtu akitaka kufuta tanbihi ili programu iwe safi, mnyang'anyeni kibao cha herufi mpaka aeleze kila tanbihi ilikuwa inamwambia nani nini. Mara nyingi atakapomaliza kueleza atakuwa hataki tena kufuta.

Mikwaju miwili haina maana yake yenyewe, wala kinyota, wala ritifaa. Maana inatokana na yaliyotangulia. Anayefungua kitabu katikati anaweza kuona maneno yote na asijue ni nani anayesema, ni mwenye kitabu au ni mwongo anayenukuliwa. Hilo tulimwambia kila mtoto wa darasa la tatu, na wengi walielewa. Sioni kwa nini fundi mwenye kompyuta ya mamilioni ya shilingi asamehewe.